Jiko la Klasiki Dodoma: Anza na Sinki, Jiwe Lifuate

Mbukwenyi, karibuni! Leo niko Ilazo, kwenye nyumba inayomaliziwa, na tunachagua kaunta, sinki na umaliziaji wa jiko la klasiki: makabati ya milango ya fremu, rangi ya maziwa, na mbao inayoonekana kuwa ni mbao.

Kabla hujatoka kwenda dukani, dondosha maji ya bomba lako kwenye kipande cha kioo, yaache yakauke. Hiki changu kimekaa tangu asubuhi. Mnaona haya madoa meupe? Ni madini ya ardhini. Maji ya mjini hapa kwa sehemu kubwa hutoka visima vya bonde la Makutupora. Kiweke hicho kioo, tutakirudia.

Haya, sinki kwanza. Wengi huanza na jiwe kwa kuwa ndilo ghali, lakini fundi hukata tundu kwa kipimo cha sinki, na tundu likishazidi halirudi. Jiwe langu la kwanza lilikatwa kwa kukisia. Sinki lilipofika, pengo lilikuwa la vidole viwili, nikanunua jiwe upya. Inauma hadi leo.

Mimi nalipenda sinki jeupe la udongo wa kuchomwa, lile ambalo uso wake wa mbele hauzibwi na kabati. Ni zito sana, kwa hiyo fundi alijengee egemeo chini, lisining'inie kwenye jiwe. Sufuria ikidondoka inaweza kulimegua. Tandika wavu wa mpira ndani. Bei ikikushinda, chukua la stenlesi lisilong'aa, bakuli moja pana, kina cha sentimita 20 hivi. Libonyeze katikati kwa dole gumba. Likibonyea, liache dukani.

Sasa jiwe. Ninaposema marumaru hapa, namaanisha jiwe lenyewe, si vigae tunavyoviita marumaru. Hivi ni vipande viwili: marumaru na granaiti. Nakamulia ndimu vyote, nasubiri dakika kumi, nafuta. Sogea uone: marumaru imepoteza mng'ao pale ndimu ilipokaa, granaiti iko vilevile. Marumaru huliwa na tindikali, iwe ya ndimu, ukwaju au siki. Nyumba inayokata kachumbari kila siku, weka granaiti.

Rangi gani? Rudi kwenye kioo chako. Granaiti nyeusi iliyong'arishwa itaonyesha kila tone lililokauka na kila vumbi la kiangazi, utafuta mpaka uchoke. Chagua ya kijivu au ya maziwa yenye madoadoa, na uulize kama wanayo yenye uso uliofifishwa, yaani usiong'aa. Kisha mwagia matone ya maji. Pakigeuka rangi ya giza, jiwe linanyonya, lipakwe dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya kupikia.

Unene wa sentimita 3 unapendeza zaidi kwenye klasiki, ila 2 inatosha kama slabu ya chini imenyooka, ipitishie pimamaji. Ukingo uwe wa mviringo. Na tafadhali, mwambie fundi achimbe mfereji mwembamba chini ya ukingo ili maji yadondoke sakafuni, yasirudi kwenye kabati. Wengi hawaufanyi bila kuambiwa, na ndiyo maana milango inavimba.

Bomba na vishikio viwe vya rangi moja, shaba ya njano au fedha, visivyong'aa kama kioo. Mbao ya mninga ikauke vizuri kabla ya kutengenezwa, kwani hewa ya hapa wakati wa kiangazi huipasua mbao mbichi.

Mwisho, usilipe ukiwa dukani. Omba vipande, vipeleke jikoni kwako, vitazame saa nne asubuhi, na tena usiku taa ikiwaka. Kitakachokupendeza mara zote mbili, rudi ukalipie hicho.