Nani Kakwambia Hizo ni Hadithi Tu?

Paukwa!

Naona nusu ya ukumbi imeitikia na nusu inatazamana. Walioitikia nawashukuru. Wasioitikia ndio niliowajia leo.

Haya nimeyasema mara nyingi, na wengine hapa mnaweza kunimalizia sentensi. Mnivumilie. Kila nikishuka jukwaani hunifuata bwana mmoja. Si yule yule, ila ni kama wote wametoka kiwanda kimoja. Hunishika mkono kwa heshima zote akaniambia: "Mwalimu, umesema vizuri. Lakini mimi husoma vitabu vya maana tu. Hadithi sina muda nazo." Vitabu vya maana! Ukimwuliza ni vipi, anakutajia vitano vya namna ya kufanikiwa maishani, na ukivifungua vyote vitano unakuta ni kimoja kilichoandikwa mara tano.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu akitaka kukudharau husema "usiniletee hadithi". Sasa, neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na katika elimu ya dini hadithi ni habari za Mtume, ambazo wanazuoni walizichuja kwa kufuata wapokezi mmoja mmoja: nani kasikia kwa nani, na huyo naye alikuwa mtu wa kuaminika au la. Riwaya nayo, kwa asili yake, ni huko kupokea na kusimulia. Yaani maneno mawili tunayoyatumia kwa mambo ya kubuni yametoka kwenye kazi ya watu wakali kupindukia kuhusu ukweli wa habari. Sisemi kwamba hilo linathibitisha kitu. Asili ya neno haithibitishi kitu, na ningedai hivyo mwanaisimu aliyeketi pale mbele angenitoa ukumbini. Nasema tu kwamba lugha yetu haikuona taabu kulaza habari ya kweli na ya kubuni chumba kimoja. Ukuta tumeujenga wenyewe.

Sasa kisa changu. Wanaokijua wajifanye hawakijui.

Charles Darwin, mwanasayansi wa viumbe, alirudi Uingereza Oktoba 1836, baada ya karibu miaka mitano ya kuzunguka dunia kwa meli. Amerudi na ndege waliokaushwa, mifupa, mawe, madaftari. Ana kila kitu isipokuwa jibu. Anaona kuwa viumbe hubadilika, lakini kinachowabadilisha hakijui. Anazunguka na swali hilo. Mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 29, anakamata kitabu cha Thomas Malthus kuhusu ongezeko la watu. Malthus hakuwa mtu wa wanyama hata kidogo. Alikuwa kasisi na mwanauchumi, na hoja yake, aliyoitoa kwanza mwaka 1798, ni kwamba watu huongezeka kwa kuzidishwa, 1, 2, 4, 8, 16, na chakula huongezeka kwa kujumlishwa, 1, 2, 3, 4, 5. Lazima wengine wakose. Darwin mwenyewe aliandika baadaye kwamba alikisoma kwa kujifurahisha. Hakutumwa, hakuwa na mtihani, alikuwa anajifurahisha! Na humo ndimo lilimomjia wazo: kama wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kushiba, basi tofauti ndogo inayomfaa kiumbe itabaki, na isiyomfaa itapotea. Ufunguo wa elimu ya viumbe ulikuwa umelala ndani ya kitabu cha uchumi.

Mtasema ni bahati. Hata mimi ningesema ni bahati, kama si Wallace.

Alfred Russel Wallace aliacha shule akiwa na miaka 14. Chuo kikuu hakukanyaga. Mwaka 1858 yuko katika visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, anakusanya wadudu na ndege ili awauze, na homa imemlaza. Anatetemeka pale kitandani, hana la kufanya ila kuwaza, na kinachomjia ni kitabu alichokisoma miaka mingi nyuma, alipokuwa mwalimu kijana mjini Leicester, katika maktaba ya mji. Kitabu gani? Malthus yule yule. Homa ilipopungua aliandika wazo lake lote akalituma kwa mtu aliyedhani litampendeza. Akamtumia Darwin! Mzee wa watu kalikalia wazo lake miaka 20, leo analisoma kwa mwandiko wa mtu mwingine. Tarehe 1 Julai mwaka ule ule maandishi yao yalisomwa pamoja London.

Watu wawili walioachana kwa bahari na kwa elimu, na kilichowafungua wote ni kitabu kimoja kisicho cha fani yao. Wangesoma vitabu vya ndege tu wangekufa wanajua ndege.

Na tazameni jambo lingine. Malthus mwenyewe hesabu zake hazikutimia. Siku zake dunia ilikuwa na watu karibu bilioni moja, leo tumepita bilioni 8, na chakula kimeongezeka kwa kasi ambayo jedwali lake halikuiruhusu. Kwa hiyo hata kitabu chenye makosa kilimfaa msomaji aliyekuja na swali lake mfukoni. Hili huwa nawaambia wanaoniomba orodha ya vitabu "sahihi".

Nasikia mnong'ono kule nyuma: Malthus si riwaya, umetuahidi hadithi ukatuletea uchumi. Subirini, Darwin sijamaliza naye.

Mwaka 1876, mzee sasa, aliandika habari za maisha yake kwa ajili ya familia. Humo kuna ukurasa ambao, ningekuwa na uwezo, ningeubandika kwenye mlango wa kila kitivo cha sayansi. Anasema kwamba ujanani mashairi yalimpa raha kubwa. Wakati wa safari ile, akishuka melini kwenda bara na nafasi ni ya kitabu kimoja tu, alichukua tenzi za mshairi Milton. Uzeeni alijaribu kumsoma Shakespeare akachoshwa hadi kichefuchefu. Anasema akili yake imegeuka mashine ya kusaga, unatia habari huku, zinatoka kanuni kule. Wala hajisifu, analalamika. Anasema kupotelewa na ladha ile ni kupotelewa na furaha, na huenda kunaidhuru akili, na zaidi ya hapo kunaudhuru utu wa mtu. Lau angerudishiwa maisha angejiwekea kanuni ya kusoma mashairi na kusikiliza muziki walau mara moja kwa wiki.

Kilichomwokoa ni nini? Riwaya. Alisomewa nyingi kwa sauti, na hakuchagua sana, ilmuradi isiwe mbovu. Akawaombea baraka watunzi wote wa riwaya. Halafu akaongeza kwamba zile zinazoishia kwa huzuni zingefaa zipigwe marufuku kwa sheria. Mtu aliyeupindua ulimwengu wa sayansi anataka serikali iingilie kati miisho ya riwaya! Kwa hilo simuungi mkono, lakini naelewa.

Basi yule bwana wa vitabu vya maana namwuliza: wewe na Darwin, nani ana kazi nyingi?

Msinielewe vibaya. Simo katika kundi la wanaouza riwaya kama dawa. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa David Comer Kidd na Emanuele Castano: watu waliosoma vipande vifupi vya fasihi walitambua hisia za wengine vizuri zaidi, kipimo kimojawapo kikiwa kutazama picha za macho tu na kusema mwenye macho yale anahisi nini. Wapenzi wa fasihi tukapiga vigelegele. Mwaka 2016 watafiti wengine waliurudia, matokeo hawakuyaona. Wenzangu walinuna, mimi nilipumua. Unampa mtu kurasa chache asubuhi, kabla hajanyanyuka kitini unampima huruma? Riwaya si kidonge.

Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na hakihitaji maabara. Riwaya ndiyo mahali pekee unapomsikia mtu mwingine akiwaza. Mkeo humsikii akiwaza. Mumeo pia, na huenda umshukuru Mungu. Mwanahistoria mwaminifu hawezi kukupa hilo. Akikuandikia kwamba usiku ule mfalme alijiambia moyoni hivi na hivi, mwulize amejuaje.

Lakini ndiyo maana mla riwaya peke yake naye ana ugonjwa wake. Mfalme Richard III wa Uingereza aliuawa vitani mwaka 1485. Miaka mia na ushei baadaye Shakespeare akamweka jukwaani na kibyongo, mkono mmoja umenyauka kama kijiti, na dunia ikaamini. Mwaka 2012 mifupa yake ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari, Leicester, mji ule ule wa maktaba ya Wallace, mimi sikupanga. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kwenda upande, hilo kweli. Kibyongo cha kwenye tamthilia hakikuwapo, na mikono yote ilikuwa mizima. Zaidi ya miaka mia nne mtunzi alikuwa amewashinda wenye kumbukumbu, na kilichomrekebisha ni sepetu. Tamthilia bado naipenda. Ila ukitaka kujua mkono wa mfalme ulikuwaje, nenda kwa waliouona mfupa.

Mwenyekiti ananionyesha kidole kimoja. Sijui ni dakika moja au ni onyo. Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu ushairi, na nyingine ya kuwajibu wanaosikiliza muhtasari wa kitabu kwa dakika kumi na tano wakasema wamekisoma. Zibaki kwenye karatasi.

Michael Faraday basi, mwanasayansi wa umeme, mbio mbio. Mtoto wa mhunzi, akiwa na miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu London, miaka saba. Vitabu vilivyopita mikononi mwake havikuwa vyake, wala havikuchaguliwa na mwalimu. Kinaletwa kilichochanika, kinashonwa. Kazi ikiisha, kijana anasoma. Humo akakuta makala ya umeme katika ensaiklopidia, na kitabu cha Jane Marcet kilichofundisha kemia kwa njia ya mazungumzo, mwalimu na wanafunzi wake wakiulizana na kujibizana. Mazungumzo ya kubuni, kemia ya kweli. Mwaka 1831 kijana yule, sasa mtu mzima, alionyesha jinsi sumaku inavyozalisha umeme ndani ya waya, na majenereta yanayowasha taa hizi yanafuata kanuni hiyo. Kitabu cha Marcet utakiweka kwenye rafu gani, ya hadithi au ya maana?

Haya, maswali. Bwana wa shati jeupe, nimekuona tangu mwanzo umekunja mikono. Karibu. Lakini ukianza na vitabu vya maana, nakurudisha kitandani kwa Wallace.