Fundi wa Köln asiye na jina: tumtambue kwa mkono wake

Habari za huko nyumbani? Leo tuko Köln, Ujerumani, mbele ya makumbusho ya Wallraf-Richartz, na tunamzungumzia mtu ambaye jina lake hakuna anayelijua. Wajerumani humwita Meister des Bartholomäus-Altars, yaani Fundi wa Altare (picha ya madhabahuni) ya Bartolomayo. Alichora hapa Köln mwishoni mwa karne ya 15 na miaka ya mwanzo ya karne ya 16, zama za Gothiki, mtindo wa sanaa wa Ulaya ya Enzi za Kati, zikielekea kuzama.

Jina hilo wamelitunga wanahistoria. Walichukua kazi yake mojawapo, iliyoko kwenye makumbusho ya sanaa ya Alte Pinakothek kule Munich, wakambatiza kwa jina la mtakatifu aliye katikati. Bartolomayo ana kisu, kwa kuwa mapokeo yanasema alichunwa ngozi akiwa hai. Ubavuni kuna Agnesi na mwanakondoo wake, upande wa pili Sesilia na kinanda kidogo cha kubebwa mkononi. Nyuma yao limetandazwa pazia la kitambaa cha dhahabu, na juu ya pazia mnachungulia vilima vya mbali. Nawawekea picha pembeni hapo.

Mbona hakutia sahihi? Mchoraji wa wakati ule alihesabiwa pamoja na maseremala na wafua vyuma. Ana karakana, ana wanagenzi, ana chama cha mafundi kinachosimamia ubora, na mteja anamjua. Sahihi ya nini? Hata Stefan Lochner, mkubwa kuliko wote waliochora Köln, jina lake tunalo kwa bahati. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alipopita hapa mwaka 1520 aliandika kwenye daftari la matumizi ya safari kwamba ametoa senti mbili nyeupe afunguliwe picha aliyoichora "maister Steffan". Ni kwa mstari huo wa matumizi kwamba mtu mmoja aliponyoka kwenye orodha ya wasio na majina.

Kufunguliwa? Ndiyo. Msifikirie picha ya kutundika kwa msumari. Picha ya altare ni kama kabati: ubao mkubwa katikati na milango miwili yenye bawaba, kila mlango umechorwa pande zote mbili. Siku za kawaida inafungwa, na upande wa nje mara nyingi umepakwa rangi za kijivu kana kwamba watakatifu wamechongwa kwenye jiwe. Ikifika sikukuu milango inafunguliwa, waumini wanapigwa na dhahabu. Ndani ya makumbusho haya zimo mbili ambazo fundi wetu alizichora kwa ajili ya kanisa la watawa Wakartusi wa Mtakatifu Barbara, hapa hapa mjini: Altare ya Tomaso na Altare ya Msalaba. Mfadhili alikuwa mwanasheria Peter Rinck, aliyefariki mwaka 1501. Mshikeni huyo Rinck, tutamhitaji.

Sasa, mkono wake. Anzeni na vidole: virefu, vyembamba, vimepindwa kwa madaha, kila kimoja na mwelekeo wake, kama vya mtu aliyeshika uzi wa sindano. Katika Altare ya Tomaso, Yesu mwenyewe ameukamata mkono wa mtume na kuvisukuma vidole ndani ya jeraha. Mchoraji mwingine angemwachia Tomaso aguse kwa woga, kwa mbali. Kisha angalieni nafasi. Watu wake hawasimami uwandani, wamebanwa kwenye kina kifupi mbele ya dhahabu, kama sanamu za mbao ndani ya sanduku. Picha yake ya Yesu kuteremshwa msalabani, iliyoko makumbusho ya Louvre mjini Paris, imechorwa makusudi ionekane ni sanduku la nakshi lililojaa sanamu, ila sanamu hizo zina machozi mashavuni. Hapo ndipo ninapompenda zaidi: anakuambia huu ni uchongaji, hapo hapo anakuonyesha nyama na maji ya macho.

Karne ya 19 kazi zake zilipachikwa jina la mchoraji Mholanzi Lucas van Leyden. Turudi kwa Rinck. Hata tukichukua mwaka wa mapema unaotajwa wa kuzaliwa kwa Lucas, 1489, Rinck anakufa Lucas ana miaka 12. Haiwezekani. Tena kipo kitabu cha sala cha Sophia van Bylant, bibi wa ukoo wa Gelderland huko Uholanzi, kinachohesabiwa kuwa kazi ya ujanani ya fundi wetu, na mchoro wake mmoja una tarehe: 1475.

Twende karakanani, maana bila karakana hamtaelewa kwa nini picha hizi zinaugua.

Ubao ni wa mwaloni, na mbao nyingi bora zilisafirishwa kutoka pande za Baltiki. Gogo linapasuliwa kuelekea kiini, kama unavyokata keki. Fundi seremala yeyote wa Keko anajua sababu: mbao hupungua kwa upana, kwa urefu karibu haisogei, na ikipasuliwa hivyo kusinyaa kwake ni kama nusu tu ya ile iliyokatwa kando ya kiini. Mbao zinaunganishwa ubavu kwa ubavu kwa vijiti na gundi ya ngozi za wanyama. Mara nyingi fremu inafungwa kabla ya rangi. Kisha unapaka gundi hafifu, unafuata na chaki iliyosagwa ikachanganywa na gundi, tabaka baada ya tabaka, unakwangua hadi iwe laini kama ganda la yai. Kaskazini ni chaki. Italia walitumia jasi.

Hapo inazaliwa alama muhimu. Chaki inapogota kwenye fremu huacha tuta jembamba ukingoni. Fremu ikiondolewa miaka 300 baadaye, tuta linabaki na mbao tupu pembeni yake. Ukiliona pande zote nne, ubao haujapunguzwa. Upande usio na tuta huenda umekatwa, na pengine kuna mtakatifu mzima aliyeondoka na kipande hicho.

Baada ya mchoro wa awali inakuja dhahabu, kabla ya rangi. Udongo mwekundu laini unapakwa juu ya chaki, unalowanishwa, jani la dhahabu linashuka, na likikauka kiasi linasuguliwa kwa jiwe la akiki au jino la mbwa mpaka ling'ae. Ukisugua mapema, jani linachanika. Ukichelewa, mng'ao hauji. Na ukianza na rangi, dhahabu itanasa kwenye rangi na kuharibu mipaka. Dhahabu hii inashikwa na gundi inayoyeyuka kwa maji, kwa hiyo msafishaji aliyepitisha kitambaa kibichi karne ya 19 ameacha wekundu wa udongo nje. Mkiona madoa ya kahawia-nyekundu kwenye dhahabu, mara nyingi ni hayo.

Rangi ni za mafuta ya kitani, tabaka nyembamba. Buluu ya bei nafuu ni azuriti. Ya bei kali ni ultramarini, ya jiwe lililosafiri kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Wengi walipaka azuriti chini na ultramarini juu, kubana matumizi. Kijani cha shaba hugeuka kahawia. Wekundu wa mimea na wadudu hufifia kwa mwanga, hivyo joho la zambarau linabaki buluu. Msimcheke mchoraji kwa rangi ambayo hakuichagua.

Ugonjwa mkubwa ni hewa. Unyevu ukishuka mbao inasinyaa, chaki haifuati, rangi inainuka vipande kama magamba. Karne ya 19 walidhani dawa ni kuupunguza ubao unene na kuupigilia nyuma wavu wa fito ili ukae bapa. Ubao ukanyimwa nafasi ya kusogea, ukapasuka. Leo fito nyingi zinaondolewa.

Kipimo cha umri nacho kina mipaka. Pete za ukuaji wa mwaloni zinapimwa ukingoni mwa ubao, lakini seremala alishaikata sehemu ya nje ya gogo kwa sababu huliwa na wadudu. Kwa hiyo unapata mwaka ambao picha haiwezi kuwa kabla yake, basi. Kamera ya infraredi inaonyesha mchoro wa awali chini ya rangi iwapo ulichorwa kwa mkaa au wino mweusi wa kaboni. Ukichorwa kwa udongo mwekundu, skrini haionyeshi kitu. Atakayekwambia "hakuna mchoro chini" muulize kwanza kifaa kinaona nini.

Zilitawanyikaje? Wafaransa walipoitawala Köln, monasteri zilifungwa. Mwaka 1802 mali za kanisa zikatoka kwa wingi. Ferdinand Franz Wallraf aliokota alichoweza, ndiyo makumbusho haya. Ndugu wawili Boisserée nao walikusanya, na mwaka 1827 mkusanyo wao ukauzwa kwa Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria. Ndiyo sababu leo ukitaka kuiona Köln vizuri unapanda treni kwenda Munich. Wafanyabiashara nao walikuwa na msumeno: mlango mmoja unapasuliwa kati ya mbele na nyuma, unauza picha mbili.

Mfano wa kufuatilia wenyewe mtandaoni: National Gallery ya London ina mlango wa kushoto wenye Petro na Dorotea, Petro ana miwani mkononi. Mlango wa kulia, Andrea na Kolumba, uko Mainz, Ujerumani. Fungueni picha mbili kwa pamoja kwenye skrini, muanze na vidole.