Bodi Mbili za Aina Moja, Mawimbi Mawili Tofauti

Mabibi na mabwana,

Nitazungumzia tatizo linalowachosha mafundi wengi wa redio: bodi mbili za kurusha na kupokea mawimbi, zimetoka kiwanda kimoja na zimewekwa programu ile ile, lakini moja inasikika vizuri na nyingine inapoteza ujumbe. Wengi hukimbilia kuandika programu upya. Nawasihi msianzie hapo, kwa kuwa programu hiyo hiyo inafanya kazi kwenye bodi ya jirani. Chanzo kitafutwe kwanza katika vile ambavyo kila bodi inavyo peke yake, yaani kristali yake (kijiwe kinachoiwekea bodi masafa yake), antena yake, viungo vyake vilivyolehemiwa na umeme unaoifikia.

Kabla ya hapo, hakikisheni kipimo chenyewe kimetulia. Katika masafa ya gigahezi 2.4, urefu wa wimbi ni takriban sentimita 12.5, na mawimbi yanayorudi kutoka ukutani huweza kufutana na yale yanayofika moja kwa moja, kiasi kwamba kusogeza bodi sentimita 3 tu mezani kunaweza kushusha nguvu inayopokewa kwa desibeli 10, yaani hadi sehemu ya kumi, au zaidi. Basi wekeni alama mezani, kila bodi ikae pale pale, kisha hamisheni kati ya bodi hizo kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tatizo likihama pamoja na antena, shughulikieni antena. Likihama na chanzo cha umeme, ongezeni kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme) ya mikrofaradi 10 karibu kabisa na pini za umeme, kwa sababu volti huanguka kwa muda mfupi mno wakati wa kurusha, na mita ya kawaida haiwahi kuuonyesha mwanguko huo.

Likibaki kwenye bodi, angalieni bodi hiyo inaelewana na nani. Antena mbovu au kiungo kilicholegea huidhoofisha bodi mbele ya wenzake wote. Kristali iliyohama masafa yake huchagua wa kuelewana naye. Niliwahi kuwa na bodi tatu za megahezi 868: ya kwanza na ya tatu zilielewana, ya pili na ya tatu zilielewana, lakini ya kwanza na ya pili hazikusikiana hata zilipokuwa meza moja. Nilizirushisha mawimbi matupu yasiyobeba ujumbe, nikayapima: ya kwanza ilikuwa juu kwa takriban kilohezi 17, ya pili chini kwa kiasi hicho hicho, na ya tatu katikati. Kristali yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hutoa tofauti hiyo hasa, nayo huhesabiwa kuwa nzima. Lakini kilohezi 34 kati ya bodi mbili, kwenye kichujio cha kupokelea, kinachopitisha masafa yanayotakiwa tu, chenye upana wa kilohezi 58, ambacho huruhusu 29 tu kila upande, ni nje ya mlango.

Niliandika masahihisho kwenye rejista ya masafa ya kila bodi, yaani sehemu ya kumbukumbu inayohifadhi masafa yake, zikasikiana. Kisha nikaipuliza ya pili hewa ya moto, ikahama tena mbele ya macho yangu, zaidi kuliko nilivyotarajia. Hiyo nikaitoa kristali yake na kuweka nyingine inayofidia joto.