Mafaili yote yapo, mbona eksteno haibuti?

Haya jamani, mliokaa nje ingieni, feni ziko huku ndani na vumbi la hapo nje mnalijua wenyewe. Wazee wangu shikamooni. Vijana, mambo. Nimepewa dakika arobaini kuongelea kubuti kompyuta ya zamani, yani kuiwasha mpaka mfumo upakie, kwa eksteno, ile hadi diski (hard disk) ya nje ya USB, ntaongea kama nusu yake hivi halafu tushike hii mashine hapa mezani, maana ufundi wa mdomo mtupu ni porojo.

Hii deskitopu imetoka Mpwapwa. Core 2 Duo, RAM GB 2. Mlango wake wa DVD unafunguka vizuri tu ila hausomi kitu, vumbi limeshamaliza lensi, na siyo ya kwanza, huku kwetu ukifungua mashine iliyokaa ofisini miaka kumi unaweza kupanda mchicha humo ndani. Ndo maana mambo ya kupiga Windows kwa CD tumeshaachana nayo siku nyingi, ni flashi au eksteno.

Sasa kesi ninayoletewa kila mara ni hii. Mtu kashusha ISO, lile faili moja lenye Windows nzima, kaifungua, kakopi mafaili yote kwenye eksteno, kachomeka, kawasha, mashine inamwambia hamna diski ya kubutia. Anakuja kanuna: fundi, mafaili yote yapo, angalia mwenyewe. Kweli yapo. Ila hiyo kompyuta mafaili haijui hata ni nini.

Ngoja niwape kisa, na najisema mwenyewe kabla hamjakisikia sokoni Majengo. Jamaa kaniachia eksteno ya TB 1, ina picha na video za harusi ya mdogo wake. Mimi siku hiyo natengeneza eksteno yangu ya kubutia, na yenyewe TB 1, zote mbili zimechomekwa. Nikafungua diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski, nikaandika list disk, ikaniletea disk 1 na disk 2, zote GB 931, mapacha kabisa. Nikaandika select disk 2 kwa kujiamini, clean, amri ya kufuta, enta. Sekunde mbili tatu, imemaliza. Kugeuka kuangalia, taa inayopepesa ni ya eksteno ya harusi.

(Kicheko.)

Mnacheka, mimi siku hiyo hata chai ilikataa kushuka. Nikakaa nikawaza ntamwambia nini huyu mtu, halafu likanijia swali, hivi TB nzima inafutikaje kwa sekunde tatu? Haiwezekani. Kilichofutika ni kipande kidogo cha mbele, pale panapoandikwa patisheni, yani fungu la diski, inaanzia wapi na inaishia wapi. Sikugusa kitu kingine, nikaipa TestDisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea, ipekue, ikakuta patisheni imekaa palepale, nikairudisha, bi harusi huyo na shela lake.

Hicho kipande cha mbele ndo mada yetu ya leo. Kinaitwa MBR, ni sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, yani hata SMS nne hazijai. Baiti 446 ni kiprogramu kidogo, 64 ni jedwali la patisheni nne, kila moja baiti 16, na mbili za mwisho ni alama, 55 na AA. BIOS ya zamani, ile programu ya ubaoni inayoamsha mashine, ikiwaka inaenda kwenye sekta hiyo tu, inaipakia kwenye RAM, inaangalia ile alama, inakikabidhi kile kiprogramu kazi, basi, yenyewe imemaliza. Kile kiprogramu nacho kinatafuta patisheni iliyowekwa alama ya active na kuendelea kutoka hapo. Mashine mpya zenye UEFI, mrithi wa BIOS, ndo zinajua kufungua patisheni ya FAT32 na kutafuta faili la kubuti ndani ya folda ya EFI, ndo maana eksteno yako ya kukopi-kopi kwa jirani ilibuti na kwako imegoma.

Kwa hiyo ukitengeneza kwa ajili ya mashine kama hii, diski iwe MBR, isiwe GPT, ule mpangilio mpya wa patisheni. Ukitumia Rufus, programu ya kutengenezea diski za kubutia, chagua MBR na upande wa BIOS, na wengi mnalalamika eksteno haionekani mle, haionekani kwa sababu Rufus inazificha hadi diski makusudi, ili msifanye kama nilivyofanya mimi. Fungua mipangilio ya ziada uweke tiki kwenye hadi diski za USB, ila ujue itafuta kila kitu. Kwa mkono je? Diskpart, clean, create partition primary, active, format, kopi mafaili ya Windows, halafu bootsect /nt60 na herufi ya diski na /mbr mwishoni, hiyo ndo inayoandika zile baiti za mbele. Patisheni ya kubutia mimi naikata ndogo, GB 16, na naiweka mwanzoni kabisa, kwa sababu BIOS nyingine za zamani haziwezi kusoma kupita GB 137, ukiweka vitu mbali huko hazifiki.

Kabla ya clean, chomoa eksteno zingine zote. Zote!

Umeme nao. Poti ya USB 2.0 inatoa miliampia 500, na hadi diski ya kuzunguka wakati inaanza inataka zaidi ya hapo, unasikia tik, tik, tik, mtu anasema diski imekufa kumbe ina njaa. Chomeka poti za nyuma, zile za mbele zina kawaya karefu kembamba, au tafuta waya wa vichwa viwili. SSD haina hayo makelele. Na kama mashine ina poti za bluu ziache, BIOS nyingi za umri huo hazibuti kupitia hizo.

Mzee kauliza tuweke Windows gani. Mzee wangu, Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2025, na 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na UEFI, hii haina. Tunaweka Debian, mfumo wa Linux wa bure, yenye Xfce, muonekano wake mwepesi. Ila kwa wenye mashine za biti 32, Debian 13 haina tena kisakinishi chenu, bakini na 12.

Haya dada, wewe wa mbele, njoo. Washa. Hii ni Dell, F12 ndo inaleta orodha ya kubutia, ingekuwa HP ni F9. Usiikandamize, gonga-gonga... saa imerudi nyuma, hiyo ni betri ya CR2032 imeisha, achana nayo, endelea. Umeona orodha? Shuka mpaka palipoandikwa USB, enta. Tulieni sasa, hii ni USB 2.0, ina mwendo wake.