Sindano, usingizi usio usingizi, na mimi chini kama gunia

Haya jamani, habari za jioni. Huko nyuma mnanisikia? Sawa. Mwenyekiti amenipamba sana hapa, kasema nimekuja kuelezea jinsi nilivyopona uoga wa sindano kwa hipnosisi, ile tiba watu wanayoiita ya usingizi, sasa mi niseme ukweli mapema kabla hamjaanza kupiga makofi, nimekuja kusimulia jinsi nilivyoanguka chini kama gunia mbele ya nesi wakati nilishalipa hela nzuri tu ili nisianguke. (kicheko) Ndio. Chekeni tu, mi mwenyewe sasa hivi nacheka.

Naogopa sindano. Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, ah, nani anapenda sindano? Hakuna. Lakini wewe unakunja uso, unachomwa, unaenda zako. Mi nilikuwa nikiona tu ile pamba yenye spiriti, harufu yake, masikio yanaanza kuvuma, mikono inapoa, nesi naye sauti yake inakuwa kama anaongea kutoka ndani ya pipa, alafu giza. Miaka 11 sikupima damu. Miaka 11! Jino likiuma nameza dawa za maumivu mpaka lichoke lenyewe. Na kitu kinachoniuma mpaka leo, dada yangu alijifungua vibaya akahitaji damu, ndugu wote wakajipanga, mi nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Dada alipona, namshukuru Mungu, ila kila akinishukuru kwa "kuwa pale" natamani ardhi ipasuke.

Sasa hiyo ndio fobia, na watu wanachanganya. Uoga wa kawaida unakulinda. Fobia ni pale uoga unapokuwa mkubwa kuliko hatari yenyewe, umedumu, wataalamu wanasema kuanzia miezi 6 na kuendelea, na umeanza kukupangia maisha. Na mbolea yake kubwa ni kukwepa. Kila ukikwepa unapata nafuu hapohapo, ule moyo unashuka, na ubongo unaandika: umeona, tungeenda tungekufa. Kesho yake unaogopa zaidi. Mi nilikuwa bingwa wa kukwepa kwahiyo nilikuwa nailea fobia yangu vizuri kabisa, inanenepa.

Haya, hipnosisi. Mtu aliyenishauri aliniambia "kuna tiba unalazwa kama usingizi ukiamka uoga umeisha" na mi kwa uvivu wangu nikaona hapo ndio penyewe, yaani nifanyiwe kazi nikiwa nimelala! Kichwani nilikuwa na picha ya yale mazingaombwe ya jukwaani, jamaa anachezesha saa mbele ya macho yako alafu unaanza kulia kama kuku. Nikajiuliza nikilala ataniuliza nini? Nitataja namba ya siri ya benki?

Hamna kitu kama hicho. Unakaa kwenye kiti kizuri, mnaongea kwanza kama nusu saa hivi, alafu mtaalamu anakwambia uangalie sehemu moja, upumue taratibu, anahesabu, sauti yake inashuka, anakuelekeza uwaze mahali unapopapenda, mwili unakuwa mzito. Ila unasikia kila kitu. Nilisikia mlango unafungwa nje, nilisikia tumbo langu linanguruma nikaona aibu. Ungetaka kuinuka uondoke ungeinuka. Sio usingizi, wakipima mawimbi ya ubongo wanaona mtu yuko macho, isipokuwa umakini wake umekusanyika sehemu moja na yale mengine yamerudi nyuma. Kama ukiwa umezama kwenye hadithi mtu anakuita mara tatu husikii.

Jina lenyewe ndio limetuponza. Alilieneza daktari mmoja wa upasuaji Mskoti, James Braid, alikuwa Manchester. Mwaka 1841 aliona maonyesho ya jukwaani akaenda akidhani ni utapeli, akakuta kuna kitu, akakichunguza, na kwenye kitabu chake cha 1843 akakipa jina linalotokana na neno la Kigiriki la usingizi. Baadae akagundua kumbe sio usingizi, akajaribu kubadilisha, akapendekeza jina lingine lenye maana ya kushika wazo moja tu. Wapi! Watu walishalizoea la kwanza. Ndio maana mpaka leo mtu anaenda akitegemea kulala.

Na kabla yake kulikuwa na daktari Franz Mesmer, huyu aliwatikisa watu wa Paris, akidai ana nguvu ya sumaku inayopita kwenye miili. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa akaunda tume, Benjamin Franklin, yule mwanasayansi wa Marekani, alikuwemo, wakafanya jaribio tamu sana: mwanafunzi wa Mesmer "akaupa sumaku" mti mmoja kwenye bustani ya Franklin, alafu kijana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni akapitishwa mti mmoja baada ya mwingine. Akazimia. Kwenye mti ambao sio! Tume ikasema basi hakuna sumaku, ni mawazo tu. Mi nikisikia hapo kwenye "mawazo tu" nacheka, maana mimi pia kilichokuwa kinaniangusha ni mawazo, sindano haijanigusa bado, na sakafu niliyopigia kichwa haikuwa mawazo hata kidogo.

Turudi kwenye kiti. Vikao vya kwanza viwili nilivipenda mno. Nililala vizuri usiku, nilikuwa mpole hata watoto wakashangaa. Sio kila mtu anaingia kirahisi, hilo mjue, kule chuo kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1959 wanasaikolojia Weitzenhoffer na Hilgard walitengeneza kipimo chenye mambo 12, mfano unaambiwa mkono wako mzito sana hauinuki, unaambiwa kuna inzi anakuzunguka, wanaangalia mwili wako unafuata kiasi gani. Kuna wachache wanazama kabisa, kuna wachache hata uwaimbie mpaka asubuhi hawaingii, wengi tuko katikati. Mi wa katikati. Na kuingia au kutoingia hakuhusiani na akili kuwa ndogo, msimcheke mtu.

Kikao cha tatu ndio mambo yakaanza kwenda kombo. Mtaalamu akasema twende utotoni tutafute mzizi. Akanirudisha nyuma, miaka 10, miaka 7, miaka 5, unaona nini? Nikaona! Korido ndefu, ukuta wa kijani, nesi mwenye viatu vyeupe, watu wawili wamenishika mikono. Nililia pale kwenye kiti machozi ya kweli. Nikatoka mwepesi, nikampigia mama njiani, mama kwanini hukuniambia kama nililazwa nikiwa mdogo? Mama kanyamaza kidogo alafu kasema, "Mwanangu, wewe hujawahi kulazwa hata siku moja. Aliyelazwa ni kaka yako, na wewe ulibaki nyumbani unakula maembe."

(kicheko kirefu)

Sasa hapo kuna jambo zito, tulieni kidogo. Kumbukumbu sio video. Kila ukiikumbuka unaijenga upya, na ukiwa kwenye hali ile ya utulivu, mtu unayemwamini anakuuliza unaona nini, ubongo hautaki kumwangusha, unaleta kitu. Na ubaya wake unakuja na kitu ukiwa na uhakika nacho kabisa. Ndio maana mahakama nyingi duniani hazitaki ushahidi wa mtu aliyekumbushwa kwa hipnosisi, au zinaubana kwa masharti makali. Mi ilikuwa korido na viatu vyeupe, nikacheka yakaisha. Kuna watu wametoka na "kumbukumbu" kwamba baba yao aliwafanyia unyama, familia ikavunjika, na halikutokea. Kwahiyo mtu akikwambia kazi yake ni kuchimba utotoni mpaka apate mzizi, chukua begi lako. Wengi wenye fobia hawakumbuki ilianzaje na wanatibika vizuri tu.

Ila mi sikuchukua begi, nikaendelea. Akanipa alama: nikishika kidole gumba na cha shahada pamoja, mwili wote ulegee. Tukafanya mazoezi mpaka ikawa kweli, nikishika tu mabega yanashuka. Nikaenda kupima damu. Nimejiamini kweli, hata foleni nilimpisha bibi mmoja. Nikakaa, nikashika vidole, mwili ukalegea, laini kabisa, kama ugali wa moto... na nikazimia haraka kuliko siku zote za maisha yangu.

Nilirudi kwa mtaalamu nimevimba paji la uso. Akasema sikulegea vya kutosha.

Jamani. Hapa ndio nilipoanza kusoma mwenyewe, na hiki ndicho kilichonileta hapa leo, mengine yote mnaweza kusahau. Fobia nyingi, ya urefu, ya mbwa, ya lifti, ukikutana nacho moyo unaenda mbio na presha inapanda, inabaki juu, kwahiyo kulegea kunasaidia, na kuzimia ni nadra sana. Fobia ya damu na sindano ina tabia yake peke yake. Mwanzo presha inapanda kama wengine, alafu ghafla inaporomoka, moyo unapunguza mwendo, mishipa inatanuka, damu haifiki kichwani inavyotakiwa, chini. Sasa mtu ambaye presha inamporomoka, wewe unamwambia alegee zaidi? Ni kama gari linateremka mlima unamwambia dereva aachie breki.

Dawa yake ni kinyume. Mwanasaikolojia Msweden Lars-Göran Öst na wenzake waliielezea miaka ya 1980: unakaza misuli. Mikono, kifua, miguu, kaza kama sekunde 10 mpaka 15 mpaka usikie uso unapata joto, alafu achia, sio ulegee, rudi tu kawaida, subiri sekunde 20 au 30, kaza tena. Mara 5. Inapandisha presha, na ukijua kuisikia ile dalili ya kwanza ya kuporomoka unaikamata kabla haijakufikisha chini. Mkono unaochomwa tu ndio usiukaze, huo uache. Hebu kazeni kidogo hapo mlipo. Eeh, umeona joto? Sasa wenye presha ya juu na wajawazito msianze kujikaza hovyo, muulizeni daktari wenu kwanza.

Nikapata mwanasaikolojia, mama mmoja mtu mzima, haongei sana. Nikamwambia hipnosisi ilinishinda, kasema haikukushinda, ilitumika mahali sipo. Akaibakiza lakini akaipa kazi ndogo. Tulitengeneza ngazi, yaani orodha kuanzia kinachonitisha kidogo mpaka kikubwa, kila kimoja nakipa namba kati ya 0 na 100. Hii ya ngazi inajulikana sana kupitia Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliiandikia kitabu mwaka 1958, na yeye mwenyewe alikuwa anatumia hipnosisi kuwatuliza wagonjwa kabla hawajaanza kuwaza vitu vya kwenye ngazi. Ya kwangu: neno "sindano" kwenye karatasi, 15. Picha, 30. Bomba la sindano, tupu, mezani, 45. Kulishika, 55. Kuangalia mtu mwingine akichomwa, 80. Mimi mwenyewe, 100, nikaomba niandike 120 akakataa.

Hipnosisi tuliitumia usiku wa kabla, wakati sipati usingizi nimeanza kukwepa kwa mawazo, na kufanya mazoezi kichwani: unajiona unaingia maabara, unasikia harufu, unakaza, unakaa. Hapo ilinifaa kweli, sitaki kuidharau, bila ile nisingethubutu hata kugusa hilo bomba. Lakini aliyeufundisha ubongo wangu ni bomba lenyewe mkononi, dakika 40, namba inashuka toka 55 mpaka 10 mbele ya macho yangu bila mimi kukimbia. Na ushahidi wa tafiti uko huko pia, kukutana na unachokiogopa kidogokidogo ndio tiba yenye ushahidi mzito kwa fobia, hipnosisi peke yake ushahidi wake bado mwembamba, ikiongezwa juu ya hiyo ndio inakuwa na maana. Anayekuahidi kikao kimoja ukiwa umefumba macho na hutakutana na kitu chenyewe kabisa, mi simwamini tena. Hata Öst mwenye tiba yake maarufu ya kikao kimoja, kikao hicho kinaweza kuchukua mpaka masaa 3 na unakutana na kitu chenyewe macho makavu.

Nilipimwa damu mwezi wa nne wa mazoezi. Nilikaza mpaka nesi akauliza kama nina haja. (kicheko) Sikuzimia.

Maswali? Dada pale... anauliza kama bado naogopa. Ndio, ile harufu ya spiriti bado inanipa kama 25. Mwezi uliopita nimechangia damu, chupa nzima, nililala kwenye kile kitanda nikawa nakaza miguu tu. Nikampigia dada yangu nikamwambia na ile habari ya mafua. Kasema alijua siku ileile.

Na wewe kaka mwenye swali la buibui, yako ni ya upande ule mwingine, usikaze, tuonane hapo nje maana mwenyekiti ananionyesha saa.