Kamera si kitu, wadogo zangu: jifunzeni kuandika mbio

Masalkheri watu wangu wa Mvita, Likoni, Kisauni, Changamwe, Jomvu na Nyali. Wazee wangu, shikamooni. Mie ni huku Cardiff, Wales, bado nasomea uandishi wa habari, na huo mwausikia ni upepo, si maikrofoni mbovu.

Haya. Mlio vyuoni hapo Mombasa mwaniuliza kila siku: huko uandishi wa habari mwafundishwa na kamera gani? Jamani, kamera utaijua tu, simu yako yatosha kuanzia. Kilichonitoa jasho mie ni kalamu.

Kuna hati mkato yaitwa Teeline. Aliibuni mwalimu mmoja, James Hill, mwaka 1968. Herufi zakatwakatwa zibaki vijistari, na vokali nyingi zaachwa. Sasa jaribu Kiswahili! Pata, pita, pota, zote zawa kitu kimoja, wabaki kukisia shahidi alipata au alipita. Kwa Kiingereza yaenda, na kasi inayosifiwa na baraza la mafunzo ya wanahabari huku, NCTJ, ni maneno 100 kwa dakika.

Mtasema, si urekodi tu? Mahakamani hurekodi ng'o. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 yakataza kunasa sauti mahakamani bila idhini, na picha zilipigwa marufuku tangu 1925, ingawa siku hizi mahakama za juu zimelegezewa kidogo. Kwa hivyo mwanafunzi akitumwa mahakama ya mahakimu aenda na daftari. Waketi, simu kimya, kesi zapita mbiombio: huyu kaiba dukani, yule kaendesha gari kalewa. Wanasa jina kamili, umri, mtaa, shtaka, kakiri au kakana. Kimoja kikikupita, hakuna wa kukurudishia.

Umri na mtaa si mapambo. Andika hivi hivi "Ali Mohamed ashtakiwa kwa wizi" uone, kina Ali Mohamed wa Majengo peke yao watajaza ofisi yako kabla ya adhuhuri, na kila mmoja na wakili wake.

Na hili halitaki viza. Katiba yetu yampa mshtakiwa haki ya kesi ya hadharani, kwa hivyo nenda Mahakama ya Mombasa au ya Shanzu, vaa kiheshima, keti, andika. Rudi nyumbani upige habari ya aya sita, iliyo nzito itangulie. Hilo ndilo zoezi lenyewe tunalolipia karo huku kwa pauni.

Kuhusu viza, kwa ufupi, maana mwauliza: mwanafunzi wa shahada hapa aruhusiwa kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kujiajiri ni marufuku. Hata kuuza makala kivyako. Ndiyo maana video zangu hazina matangazo, si kwamba nimekuwa sharifu.

La pili, na hili nalipenda kuliko yote: kuomba nyaraka. Huku waandikia halmashauri barua pepe, sheria yawapa siku 20 za kazi wakujibu. Kenya tuna yetu ya mwaka 2016, na ni tamu kuliko wengi wanavyojua. Ofisi ya umma yatakiwa iamue ombi lako ndani ya siku 21. Waweza kuandika kwa Kiswahili. Sababu yako hailazimiki kutajwa. Wakikunyima, kuna Ofisi ya Ombudsman, ipokeayo malalamiko juu ya ofisi za umma, ya kuwashtakia.

Ila uliza kitu kinachoshikika. "Naomba habari za taka" ni soga za baraza. Uliza: ni kampuni gani zililipwa kusomba taka hadi jaa la Mwakirunge mwaka wa fedha uliopita, kila moja shilingi ngapi, na nakala za mikataba. Weka tarehe, tia sahihi, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Nani wa Kisauni ataanza? Ukijibiwa, nitumie karatasi hizo, tuzisome pamoja hapa hapa, mstari kwa mstari.