Ribiti, Sabuni na Taa ya Ndege ya Vita

Hamjambo vijana? Kaeni, kaeni. Ninyi wa nyuma kalieni hayo masanduku ya bati, yamepigwa hapahapa Kamukunji, Nairobi, na yanabeba mtu mzima.

Taa hii yenye umbo la ndege, wengi wenu mmeuliza kama imekatwa kwenye ndege ya kweli. Hapana. Ni bamba la alumini la milimita 1, balbu moja na ribiti, yaani vile vipini vifupi vya kushikanisha mabamba, vinavyopigwa nyundo mwishoni. Umbo ndilo nililoazima kwa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936 kutoka Eastleigh. Naona mnacheka. Si Eastleigh yetu ya maduka, ni ile ya karibu na Southampton, ingawa hata hii yetu ilikuwa na kituo cha ndege za kijeshi wakati wa Vita vya Pili.

Ndege za vita vya kwanza sizigusi. Zile zilizopaa kutoka kisiwa cha Mafia mwaka 1915 kuelekeza mizinga kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg, kule Rufiji, zilivikwa kitambaa. Fundi bati atachukua nini hapo?

Spitfire ilivikwa alumini ngumu, na hapo ndipo kuna kisa ninachokipenda. Wahandisi walitaka kujua kama ni lazima kila ribiti ilale sawa na bamba, maana kazi hiyo ni ghali, au kama nyingine zingeachwa na kichwa cha mviringo. Basi wakachukua njegere kavu zilizopasuliwa, wakazibandika kwa gundi juu ya ribiti, moja moja, zifanane na vichwa vya mviringo. Njegere, hizi za kupikia mchuzi! Ndege ikapoteza kasi ya karibu kilomita 35 kwa saa. Wakawa wanazibandua sehemu baada ya sehemu huku wakipima, mpaka wakajua ni wapi kichwa kinadhuru na ni wapi hakidhuru.

Kwa hiyo mtu akiniletea taa ya "ndege" iliyobandikwa vichwa vya ribiti kwa gundi, kila mahali, kama vipele, mimi namrudishia. Kwenye taa yangu bawa ni laini. Vichwa viko kwenye kiwiliwili, na kila kimoja kimeshika kitu.

Sasa kukunja. Bamba hupashwa moto kwanza ili lilainike. Pua ya kwanza niliyotengeneza ilinidondokea miguuni. Nilizoea chuma, na chuma kikipata moto kinakuambia kwa wekundu. Alumini haisemi. Inafika nyuzi 660, inayeyuka, na rangi yake ni ileile. Mzee mmoja akanionyesha dawa: paka bamba sabuni ya mche, pitisha moto polepole bila kutulia mahali pamoja, na sabuni ikigeuka kahawia iliyoiva, toa moto. Likipoa, utalikunja juu ya gogo kwa nyundo ya mbao kama chapati.

Vipimo, andikeni. Bamba la milimita 1 linataka ribiti ya milimita 3. Tundu lisikae karibu na ukingo chini ya milimita 6, litachanika. Mkia wa ribiti utokeze milimita 4 na nusu, ukiupiga ubaki na kimo cha milimita 1 na nusu. Ukipinda, usiunyooshe. Utoboe, anza upya.

Umeme: taa ni alumini tupu na sisi tuna volti 240, kwa hiyo waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ufungwe kwenye mwili kwa skrubu, na tundu la kupitisha waya livishwe mpira. Balbu iwe ya LED, kwa sababu pua imezibwa na joto halina pa kutokea.

Ah, na mtu akikuuzia saa ya zamani ya ndege ya vita uipachike kwenye taa, usiifungue. Nyingi zilipakwa rangi ya radiamu, kitu chenye mionzi ya hatari, ili zing'ae gizani. Mng'ao umekufa zamani, lakini nusu ya radiamu hiyo itakuwa bado ipo baada ya miaka 1600. Unga wake ukiuvuta puani, umejitafutia ugonjwa. Mimi nachora uso wa saa kwa mkono.

Haya, wewe wa fulana ya kijani, njoo. Egemeza chuma hiki nyuma ya bamba, kikaze. Mwenzako atapiga. Ukisikia mlio umebadilika, sema.